Maji Ndani ya Tangi

7 Oktoba, Jumatatu

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya kompresa. Gathua, yule mfanyabiashara aliyetuuzia kule Malili, alisema kila mashine ya hewa inataka kitabu chake: siku ilipowashwa, siku ilipotolewa maji, siku ilipobadilishwa oili. Mume wangu Muindi alicheka. Alisema amechomelea vyuma miaka ishirini na sita kwenye barabara ya Mombasa bila kitabu. Lakini mimi nilikuwa mtunza stoo katika chuo cha ufundi kwa miaka kumi na moja, kabla hawajatupunguza, na sijui kukaa na kitu bila kukiandika.

Basi naandika. Kompresa imefika hapa kijijini Kabati leo kwa pikapu, bila tangi la kuwekea hewa. Tangi Muindi atalitengeneza mwenyewe. Gathua alikuwa nalo moja zima, la breki za lori. Muindi alilipapasa, akaligonga kwa kidole, akasema hawezi kununua kitu ambacho mikono yake inaweza kuunda.

Karakana ni lile banda la kando ya jikoni lililokuwa la mbuzi. Nimelifagia mpaka mgongo ukakataa kunyooka.

9 Oktoba

Mutanu amekuja na wenzake wawili. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolima ndengu upande huu wote hadi mtoni. Wanataka mashine ya kupura. Kila mwaka wanapiga ndengu kwa fimbo juu ya turubai, na msimu uliopita mvua iliwakuta wakiwa nusu ya kazi, ndengu zikaota ndani ya maganda. Mutanu alisema alilisha ng'ombe chakula cha watoto wake. Mashine wanaitaka wiki ya kwanza ya Januari.

Muindi alikubali kabla hajamaliza chai. Aliwachorea chini kwa kijiti: ngoma yenye meno sitini, wavu wa chuma chini yake, feni ya kupeperusha makapi, injini ndogo ya petroli pembeni. Akina mama waliuzunguka mchoro wakauelewa. Hata mimi niliuelewa. Hicho kipaji anacho, sitamnyima.

Ndiyo sababu ya kuhitaji hewa. Wavu na sahani za ngoma zitakatwa kwa plasma, na plasma hukata chuma kwa stima na hewa ya presha. Hewa ikiwa na maji, ncha yake inaliwa kwa siku moja. Pia tutapaka rangi kwa hewa. Muindi anasema mashine iliyopakwa kwa brashi inaonekana kama imetengenezwa na mtu aliyekuwa na haraka.

12 Oktoba

Amechomelea tangi leo. Kipande cha bomba nene na vifuniko viwili. Alitaka redio izimwe. Kabla ya kila mshono alipitisha kidole kwenye kiungo, na baada ya kila mshono akapitisha tena chuma kikiwa bado cha moto, akaungua, akaendelea. Nikasema moyoni, huu ndio uangalifu wa fundi wa zamani.

Nilimuuliza kama hatutalijaribu kwa maji kwanza, jinsi walimu walivyokuwa wakifanya chuoni. Aliniuliza fundi ni nani. Jioni tangi lilikuwa limeshapakwa rangi ya buluu, na mshono hauonekani tena.

14 Oktoba

Hewa ya kwanza. Geji ya presha imefika sita, swichi ikakata yenyewe. Muindi alitabasamu kama siku ile Mulwa wetu alipoanza kutembea. Nimetoa maji: kijiko kimoja.

17 Oktoba

Stima hakuna.

18 Oktoba

Stima hakuna. Nimepanda viazi vitamu.

22 Oktoba

Amenifokea kwamba nimehamisha nyundo. Nyundo ilikuwa karibu na mguu wake. Nimechoka kulaumiwa kwa vitu ambavyo havijatoka mahali pake.

29 Oktoba

Mvua imefika. Kabati yote iko shambani. Asubuhi ninapanda ndengu na kunde, mchana ninamshikia Muindi vyuma, jioni napika muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa ambao hakuna anayekuwa na nguvu ya kuutafuna. Nimetoa maji kwenye tangi: nusu kikombe. Hewa yenyewe siku hizi imelowa.

2 Novemba

Maji: kikombe kizima.

5 Novemba

Ncha ya plasma imeliwa. Muindi anasema sikutoa maji. Nilitoa. Imeandikwa hapa. Nilimfungulia daftari nikamwonyesha, akageuza uso akasema yeye si karani wa kusomeshwa madaftari.

Wavu una matundu mia nne na kitu. Nilikata mimi, yeye akiwa amesimama nyuma yangu. Zamani hakuniachia mashine ya kukata hata siku moja. Sasa anasema bega linamuuma.

11 Novemba

Leo amechomelea meno ya ngoma. Sitini, mistari minne. Alipokwenda kulala baada ya chakula nikaigeuza ngoma ili niisafishe. Meno tisa yalitikisika mkononi mwangu. Chuma kilichoyeyuka kimelala pembeni ya jino, hakikushika kiungo. Mengine yameshika upande mmoja tu.

Niliyasaga kwa grainda, nikayachomelea tena mwenyewe, vibaya, lakini yameshika. Chuoni nilijifunza kwa kuwatazama wanafunzi kwa miaka kumi na moja. Mikono yangu haijui kazi ila macho yanajua. Alipoamka aliuliza kelele za grainda zilikuwa za nini. Nikasema nanoa jembe.

Nimenusa kikombe chake. Chai tu.

16 Novemba

Bado nanusa. Natazama chini ya kitanda, ndani ya buti, nyuma ya mifuko ya simenti. Muindi ni mzee wa kanisa, nami ninamtafutia chupa. Leo amejimwagia chai mkononi akalaumu birika. Amempita Kiema wa posho mill barabarani bila salamu, na Kiema amekuja kuniuliza kama tuna neno naye. Nilisema hatuna. Nilimwonea haya Kiema na nikamchukia Muindi mpaka usiku ukaingia.

20 Novemba

Sitaweza kulala bila kuandika hii, ingawa bado ni mchana.

Tulikuwa tunajaza hewa. Mimi nilikuwa mlangoni nikipinda bati, yeye kando ya tangi akiangalia geji. Nikasikia injini ya kompresa inafanya kazi muda mrefu kuliko kawaida, sauti imekuwa nzito. Nikamuuliza imefika ngapi.

"Sita," akasema. "Inakaribia kukata."

Nilikwenda kuangalia kwa sababu tu nilihitaji koleo lililokuwa kule. Mshale ulikuwa umepita tisa. Swichi ilikuwa imekwama. Nikaruka nikazima kwenye ukuta, nikafungua hewa yote itoke, na ilipokuwa inatoka kwa kelele vumbi likajaa banda zima. Muindi alisimama palepale. Hakuniuliza nimefanya nini. Hilo ndilo lililonishtua kuliko mshale.

Vumbi lilipotulia geji ilikuwa imelala kwenye sifuri. Sijui nani alinituma. Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na sasa inasoma ngapi?"

Aliinama, akaileta sura karibu na kioo, akageuza kichwa upande kama kuku anavyofanya.

"Tano hivi," akasema.

Nikasema sawa. Nikatoka nje, nikaenda mpaka nyuma ya choo, nikasimama huko. Nyundo. Chai. Kiema barabarani. Redio iliyozimwa ili asikie moto wa rodi ya kuchomelea. Kidole kwenye kiungo. Siku zote hizi nimemtafuta mlevi ndani ya nyumba yangu, na mtu aliyekuwa akiishi humo alikuwa ni kipofu.

21 Novemba

Leo nimeamka na wazo jingine, na hili ni baya zaidi. Mkono uliokosa meno tisa ndio uliochomelea tangi.

Kila tunapowasha, tunasimama hatua mbili kutoka kwake. Nimemwambia hatuwezi kufanya kazi, stima imepotea. Akasikiliza kidogo.

"Posho mill ya Kiema inasagia nini, basi?"

Nikasema ni fyuzi yetu. Nimemdanganya mtu asiyeona kuhusu kitu anachokisikia.

23 Novemba

Nimempigia Gathua simu nikiwa shambani. Huyo mtu sikumwamini tangu mwanzo. Anaongea haraka, anakuita mama kabla hajajua jina lako, na niliamini alitaka kutubandikia lile tangi la lori. Nilijifanya nauliza habari za swichi ya kukata hewa. Akanieleza vizuri. Halafu akauliza mzee anaendeleaje na macho.

Nilikaa chini kwenye tuta.

"Mama, nilidhani unajua," akasema. "Siku ile nilimpa mkono mara mbili na mara zote mbili aliupita. Ndiyo nikalisifia lile tangi sana. Nilitaka achukue lililokwisha tengenezwa."

Nilimwambia kuhusu mshono. Hakucheka wala kupaza sauti. Alisema niache kabisa kulijaza hewa. Nilijaze maji mpaka juu, nisiache hata pumzi moja ya hewa ndani, nifunge, kisha nisukume kwa pampu ya grisi mpaka geji ipite mara moja na nusu ya presha ya kazi. Likiwa bovu, litavuja tu au litapasuka palepale na kutulia. Hewa ndiyo huruka na vyuma, maji hayaruki.

Ndivyo walimu walivyofanya chuoni. Nilijua. Nilijua tangu tarehe kumi na mbili Oktoba na nilinyamaza kwa sababu aliniuliza fundi ni nani.

25 Novemba

Mvua. Palizi. Fyuzi yangu ya uongo bado imeungua.

27 Novemba

Mjomba wake Muindi amefariki huko Ikutha. Ndugu yake Kimeu alikuja kumchukua asubuhi, watalala huko. Nilimtazama akipanda pikipiki: aligusa kiti, akagusa bega la Kimeu, akapanda kama mtu mwenye mawazo mengi. Anavyoficha vizuri, inaumiza kuona.

Walipotoweka nikaanza. Tangi ni zito. Nililibingirisha hadi nje chini ya mfereji wa paa, nikalijaza maji ya mvua kwa kikombe kimoja kimoja, nikiligonga ili mapovu yatoke. Ilichukua asubuhi yote. Nikafunga pampu ya grisi, nikaweka geji, nikasimama pembeni nyuma ya ukuta wa jikoni nikipiga mkono wa pampu.

Mbili. Nne. Nikapumzika. Sita, presha yetu ya kila siku. Hakuna kitu. Nikaanza kuona aibu. Nilijiona mke anayempekua mumewe akiwa matangani. Nilitaka kuacha hapo, nimwage maji, nilirudishe tangi mahali pake, na nisimwambie mtu.

Nikasukuma tena. Saba. Kwenye mshono wa kifuniko cha chini rangi ya buluu ikafanya uvimbe mdogo, kama malengelenge. Uvimbe ukatoa chozi la maji. Saba na nusu, mshono ukafunguka urefu wa kiganja changu, maji yakanirukia sketi, geji ikaanguka hadi sifuri. Sauti yake ilikuwa kama mtu anayepasua kitambaa. Basi.

Nikaketi kwenye matope. Wiki iliyopita geji ilipita tisa na yeye alikuwa amesimama kando yake, akiniambia ni sita. Sijui kwa nini lilishika siku ile. Labda ndiyo siku lilipoanza kuachia. Kama hewa ingelipasua, lisingemwacha, na mimi mlangoni nisingekuwa mbali.

Nililia kidogo. Kisha nikaenda kufunga mbuzi.

28 Novemba

Amerudi saa tisa alasiri, amechoka, ana vumbi la Ikutha hadi kwenye nyusi. Nilimpa maji ya kunawa na chakula. Alipomaliza nikamwambia nataka aje nje. Tangi lilikuwa bado chini ya mfereji. Nikachukua mkono wake, jambo ambalo sijafanya kwa miaka, nikaweka vidole vyake juu ya mpasuko.

Alipapasa mwanzo hadi mwisho. Akarudi mwanzo.

"Ulitumia maji," akasema.

"Nilitumia maji."

"Lilifika ngapi?"

"Saba na nusu."

Alichuchumaa pale. Nilitarajia kelele. Nilikuwa nimejiandaa na kelele zangu pia, nilizipanga tangu asubuhi: kwamba angetuua, kwamba Mulwa angeitwa kutoka Athi River aje atuzike wote wawili siku moja. Lakini alianza kuongea akiwa ameangalia ukuta, akaongea polepole.

Alisema ilianza pembeni. Mambo ya pembeni yalitoweka, akaona kama mtu anayetazama ndani ya bomba, na bomba likawa linapungua upana kila mwezi. Tangu mwaka juzi. Mwaka huu mwezi wa tatu jicho la kushoto lilizimika kabisa. Ndiyo sababu aliacha kazi Malili na kurudi nyumbani. Si kwa sababu tajiri wake alikuwa mbaya, kama alivyonieleza. Alidhani ni moto wa welding, adhabu ya kila fundi, na kwamba hakuna la kufanya. Alijua kuchomelea kwa sauti. Rodi ikiwa sawasawa inakaanga kama mafuta, ikiwa mbali inatema mate.

"Nilisikia ikikaanga," akasema. "Nilisikia vizuri kabisa, Kavata. Lakini sikujua inakaangia wapi."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alitaka kwanza mashine ya akina mama iishe, mtu aone kitu kimoja cha mwisho kizuri kutoka kwake.

Nilipaswa kumhurumia. Nilimhurumia. Lakini naandika ukweli: nilikuwa pia na hasira ambayo haikwisha, na bado iko. Alinifanya nimnuse kikombe.

5 Desemba

Kliniki ya macho, Machakos. Tulitoka kabla ya jua, tumerudi sasa hivi. Daktari, msichana wa umri wa Mulwa, alimpima kwa mashine inayopuliza pumzi ya hewa kwenye jicho. Akasema ni presha ya macho. Muindi alicheka peke yake, na daktari hakujua anacheka nini.

Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kwenye jicho la kulia kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila jioni, maisha yote. Angekuja mwaka juzi, alisema daktari, kisha akaona uso wangu akaacha.

7 Desemba

Nimemwambia Muindi twende kwa Mutanu tumweleze, atafute fundi mwingine kabla ya mavuno. Amesema ni sawa, niende. Nikafika hadi kwenye lango lake. Nikamkuta anapalilia na mtoto mgongoni, akanionyesha ndengu zinavyotoa maua. Nikazisifia nikarudi.

9 Desemba

Gathua amekuja. Hakuna aliyemwita. Pikapu ilizama kwenye tope chini ya kanisa, akaacha viatu ndani akaja kutuita tumsukume akiwa miguu mitupu. Nyuma alikuwa na lile tangi la lori na swichi mpya. Alisema malipo ni geti la duka lake, tutengeneze tukipata nafasi. Alijaribu tangi kwa maji mbele yetu, akamwita Muindi aweke kiganja kwenye mishono yote huku presha ikipanda, kumi, kumi na moja. Kiganja kikavu kabisa.

"Hili ni zima," Muindi akasema. Akampa Gathua mkono, na Gathua akausogeza wake mpaka ikakutana.

Nilimchinjia kuku. Huyu ndiye mtu niliyemdhania mwizi wa barabarani.

10 Desemba

Tumekubaliana hivi. Mimi ndiye mwenye rodi. Yeye anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo ukutani, anasikiliza.

Nimesaga meno yote sitini. Tunaanza upya.

11 Desemba

"Iko mbali. Sogeza. Bado. Sogeza. Hapo."

Siku nzima hivyo. Meno saba.

13 Desemba

Nimejichoma shingoni. Meno tisa. Magugu yameingia kwenye kunde.

14 Desemba

Macho yangu yanawasha kama yana mchanga. Muindi aliposikia nasugua alisimama, akazima mashine, akasema leo hakuna kazi na kesho hakuna. Nikamwambia Januari haisubiri. Akasema nimpige au nimfukuze, lakini macho mawili katika nyumba hii yatabaki yanaona. Akanitafutia ngao yake ya uso ya zamani iliyo na kioo cheusi zaidi, akakisugua kwa shati lake mpaka nikamwambia inatosha.

17 Desemba

Maji: robo kikombe. Meno kumi na moja, na Muindi hakusema "sogeza" hata mara moja katika manne ya mwisho.

19 Desemba

Mutanu amepita. Nilijaribu kusimama mlangoni ili asione ni nani ana rodi mkononi. Alitazama vidole vyangu vilivyoungua, akatazama Muindi kwenye ndoo yake, akaniuliza kama tuna maziwa. Baadaye alituma chupa nzima.

24 Desemba

Mulwa hatakuja, kampuni imemnyima ruhusa. Ngoma imekamilika. Tuliizungusha kwa mkono na Muindi akaweka sikio karibu. Alisema upande mmoja ni mzito. Tukakata kipande, tukaongeza kipande upande wa pili, mpaka ikawa inasimama popote inapotaka.

25 Desemba

Kanisani. Nililala wakati wa mahubiri.

30 Desemba

Ndengu za mapema zimekuwa nyeusi. Watu wanaanza kuvuna. Feni inapiga ukuta wake. Tumeitoa, tumeirudisha, inapiga.

31 Desemba

Inapiga.

2 Januari

Feni haipigi tena. Nilikuwa nimeweka boriti ya chini kinyume, tangu siku ya kwanza. Muindi aliigundua kwa vidole. Hakunifokea. Alisema tu yeye aliwahi kuweka milango miwili ya lori kinyume na ikasafiri hadi Voi.

4 Januari

Rangi. Hewa ilikuwa kavu, nyekundu ikalala vizuri kama maziwa juu ya chai. Nilizungukia mashine yote kwa bunduki ya rangi huku yeye akiniuliza: kona? chini ya mdomo? nyuma ya injini? Tulipomaliza aliuliza inaonekanaje. Nikasema inaonekana kama imetengenezwa na mtu ambaye hakuwa na haraka. Akatikisa kichwa. Tulikuwa na haraka mpaka tukakonda.

8 Januari, Jumatano

Leo tumeipeleka. Trekta ya Kiema iliivuta hadi kiwanja cha Mutanu, na kikundi chote kilikuwa hapo, wanawake ishirini na zaidi, na ndengu zimerundikwa juu ya maturubai. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa Mutito tangu asubuhi.

Niliwasha injini mimi. Mutanu akatia shehena ya kwanza. Ngoma ilimeza, makapi yakaruka kwa feni, na chini ya wavu ndengu zikaanza kuanguka kwenye karai, kijani, nzima. Mwanamke mmoja aliingiza mkono ndani ya karai akauacha humo.

Tulikuwa tumepura kama magunia manne Muindi alipoinua mkono akasema nizime. Mimi sikusikia tofauti yoyote. Akina mama walilalamika, mawingu yalikuwa yanakuja. Nikazima. Nati mbili za beringi ya kushoto zilikuwa zimelegea, moja imebakiza nyuzi chache tu itoke. Nikazikaza, nikawasha tena, na tulipura mpaka saa kumi. Mvua ilipoanza kudondoka, turubai la mwisho lilikuwa tupu.

Tukaingia chini ya paa la mabati la Mutanu. Sala, chai, viazi. Kisha wakasema fundi azungumze, kama ilivyo kawaida.

Muindi alisimama. Alivuta shati lake, akageuka, na akageukia vibaya. Alikuwa ameelekea kwenye nguzo na ukuta wa ghala, wanawake wote wakiwa upande wake wa kushoto. Akaanza kusalimu. Mimi nilikuwa mbali naye, nyuma ya sufuria za chai, nimeshika kikombe. Nilitaka kwenda kumgeuza na sikuweza, maana wangeona namgeuza.

Mutanu aliinuka. Alichukua kiti chake cha plastiki, akakibeba bila kukiburuta, akaenda kukaa mbele ya ile nguzo, mbele ya uso wa Muindi. Aliyekuwa karibu naye akafanya vivyo hivyo. Kisha wengine, mmoja mmoja, wengine na viti, wengine na mabenchi wakiyashika wawili wawili, wazee wakishikwa mkono, mpaka kikundi chote kikawa kimehamia ukutani na kumwangalia kwa utulivu, kama kwamba hapo ndipo walipokuwa wameketi tangu mwanzo. Hakuna aliyenitazama. Wala hakuna aliyenong'ona.

Muindi hakuwa na maneno mengi. Alishukuru Mungu na kikundi. Akasema mashine hii meno yake, wavu wake na rangi yake ni kazi ya Kavata, na likitokea jambo wamtafute yeye. "Mimi nilisikiliza tu," akasema. Wakapiga makofi. Akaketi.

Tumerudi nyumbani kwa miguu, njia ina matope. Alinishika mkono wa sweta mbele ya watu, kutoka lango la Mutanu hadi barabarani, kupita posho mill, kupita kanisa. Kiema alitusalimu na Muindi akamjibu kwa jina. Nimechoka kiasi kwamba naandika na macho yamefumba nusu. Mutanu ameniambia kikundi cha ng'ambo ya mto kinataka mashine mbili kabla ya msimu wa Machi, na nilimjibu ndiyo bila kujua nitatoa wapi mikono.

Karibu na kwetu Muindi alipunguza mwendo. Nilidhani amechoka pia.

"Nilisikia viti," akasema.

Nikamwambia kuna dimbwi mbele, akainua mguu, tukavuka.